Namna tulivyotengeneza upya meza ya nyanya



Wengi kati yenu muliuliza tulikuwa tunafanya nini likizo kubwa yote na zile mbao za mashua nyuma ya nyumba. Wengine walisema tunajenga banda la mbuzi. Hapana. Tulikuwa watatu na tulitengeneza meza, tena si meza mpya. Ni ya nyanya wa mmoja wetu. Babu aliileta hapa Ubundu kwa treni, zamani alipokuwa mtumishi wa ile njia ya reli ya kilometa 125 toka Kisangani.

Ilibakia uso tu. Mwaka 1997, wakimbizi maelfu kwa maelfu walipofika hapa kuvuka Lualaba, watu walijificha na kuni zikakosekana. Nyanya mwenyewe alikata miguu yote mine, akapikia watoto. Uso ukawa kitanda, kisha mlango wa nyumba ya kuku. Alitueleza hayo polepole, kama mtu anayeungama deni.

Fundi mmoja wa mashua alikwangua uso kidogo, akasema: ni afrormosia. Huo ni mti wa misitu yetu ya Kisangani, na tangu mwaka 1992 hauuzwi nje ya inchi bila kibali cha mapatano ya mataifa. Basi, kuku walikuwa na mlango wa bei kali.

Kwa miguu tulipata mbao za mvule za baleniere iliyovunjwa. Mbao za namna hiyo ni nzuri, lakini zina hila mbili. Ya kwanza ni misumari iliyokatika ndani. Msumari mmoja unatosha kuharibu randa. Tulitoa sumaku katika boksi la sauti la radio iliyokufa, tukaifunga kwa uzi na kuipitisha juu ya kila ubao. Pale uzi ulipovutwa, tulichimba kwa patasi. Tulitoa misumari 31! Hila ya pili ni maji. Ubao unaonekana mkavu kwa nje, kumbe ndani ungali na mto. Tulizipanga kivulini, vijiti katikati ili upepo upite, na kila juma tulipima kipande kimoja kwenye mizani ya mama muuza mchele. Uzito ulipoacha kupunguka, tulijua sasa iko tayari. Ilichukua majuma saba. Tena, mukipiga msasa kwenye mvule, mufunge kitambaa puani. Unga wake unakohoza na kuwasha macho. Tuliojifanya mashujaa tuliona.

Sasa tufike kwenye kosa la zamani, ambalo tunaliona katika meza nyingi za hapa. Uso ulikuwa na ufa mrefu. Sababu yake si kuku wala kitanda. Mutu fulani alipigilia misumari mingi kwenye mbao mbili zinazokingama chini yake. Ubao unavimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa jua, lakini kwa upana wake. Kwa urefu haubadiliki sana. Meza yenye upana wa sentimeta 80 inaweza kutembea karibu sentimeta moja. Ukiibana kwa misumari, itatembea tu, yaani itapasuka. Tuliing'oa yote, na siku chache baadaye ufa ulikuwa umejifunga karibu nusu. Tulitia kole, tukazungusha kamba na kuikaza kwa kijiti kama mtu anayekamua nguo, tukaacha mpaka kesho yake. Kisha tulirudisha zile mbao kwa vise, kila moja katika tundu refu kama haragi, ili uso upate nafasi ya kwenda na kurudi. Miguu tuliiunga kwa ulimi na tundu, bila msumari hata mmoja.

Tulipotaka kupiga randa juu ya uso, nyanya alikataa.

— Wajukuu, musiguse hapo.

Kuko alama nyeusi ya pasi ya makaa, na kandoni mistari midogo ya kalamu ya risasi. Babu alifundishia watoto hesabu pale pale juu ya meza, karatasi ikikosekana. Moja ya zile hesabu ina kosa. Tuliosha uso kwa maji kidogo na sabuni, tukaukausha mara moja, tukapaka mafuta kidogo kwa kitambaa. Matundu ya misumari yamebaki na weusi kuyazunguka, sababu chuma na afrormosia vikilowana pamoja vinatoa rangi hiyo. Hiyo nayo tuliiacha.

Meza iko sebuleni. Jioni ya kwanza nyanya aliweka sufuria ya pondu katikati, akakaa, akashika mguu mmoja kwa mkono, akautikisa. Ulicheza. Tulipopima kwenye sakafu ya saruji tuliona ni mfupi kwa milimeta nne, na ile mingine mitatu itabidi kukatwa. Sasa hivi kuko kipande cha gome chini yake mpaka likizo ya Pasaka.