Wino Mweusi na Jua la Unyanyembe

Januari 1861 msafara wa wapelelezi John Hanning Speke na James Augustus Grant ulifika Kaze, katika Unyanyembe, penye Tabora ya leo. Grant alikuwa mchoraji wa rangi za maji, na njiani alichora watu, mimea na vijiji. Picha zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Lakini kitabu cha Speke kilipotoka mwaka 1863, michoro iliyotokana na kazi hiyo ilichapwa kwa wino mweusi.

Sababu ya kwanza ilikuwa uchapaji wenyewe. Picha za vitabu enzi hizo zilichongwa kwenye ubao mgumu uliokatwa kukingama shina. Sehemu iliyochongwa hutoka nyeupe. Iliyoachwa hushika wino. Kwa kuwa ubao ulikuwa na kimo sawa na herufi za risasi, picha na maneno vilichapwa kwa pamoja. Rangi ilidai ubao wa pili na wa tatu, na gharama ikapanda.

Sababu ya pili ni ya sanaa, nayo ndiyo inayowavuta wachoraji hadi leo. Wino mweusi hauna kijivu. Kijivu hupatikana kwa mistari. Ikisongamana, kivuli hukolea. Ikiachana, mwanga huingia. Basi mchoraji hana budi kuamua mapema jua linatoka wapi. Kwa mfano, mpagazi wa Kinyamwezi aliyejitwika frasila mbili, takriban kilo 32, uzito wa mzigo wake husomeka katika kivuli cha shingo na bega. Merikani, kitambaa kisichotiwa rangi, hukaa upande wa mwanga. Kaniki, kitambaa kilichotiwa nili, hukaa gizani. Paa bapa la nyumba ya tembe hukata kivuli kilichonyooka ukutani.

Hata hivyo wino una hasara yake. Shanga zilitumika kama fedha katika njia hii ya misafara, na kila nchi ilichagua rangi yake; samisami nyekundu zilikuwa miongoni mwa zilizothaminiwa sana. Kwenye picha ya wino, shanga zote ni nukta tu. Msomaji hajui zipi zingenunua chakula na zipi zingekataliwa.

Kwa hiyo anayetaka kuichora njia ya misafara asianze kwa kuuliza rangi ipi inapendeza. Aulize habari yake imo wapi. Ikiwa imo katika mwili, mzigo na jua, nyeusi na nyeupe zitaieleza wazi kuliko rangi. Ikiwa imo katika shanga, atumie rangi.