Kutembea Si Mchezo: Lugha ya Tafiti za Unene wa Watoto na Mtoto wa Sangailu

Makala haya yanaeleza jinsi tafiti kuhusu ushiriki wa vijana katika michezo, mazoezi ya mwili na unene wa watoto zinavyofanywa, na yanaonyesha pale ambapo tafiti hizo huitegemea lugha kuliko inavyodhaniwa. Mfano unaotumiwa ni mtoto wa Sangailu, wadi iliyo katika eneobunge la Ijara, kusini mwa Kaunti ya Garissa, upande wa Msitu wa Boni. Huenda msomaji akauliza: ya nini kuzungumzia unene mahali ambapo kinachosikika kila mwaka ni ukame? Jibu ni kwamba kasoro za kipimo huonekana wazi zaidi kinapopelekwa mahali ambapo hakikutengenezewa.

Kwa wataalamu, unene hauamuliwi kwa macho. Uzito wa mtoto kwa kilo hugawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wake kwa mita, kisha jawabu hulinganishwa na lile la watoto wa umri na jinsia yake. Kwa mujibu wa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2007, mtoto wa miaka 5 hadi 19 anayezidi kiwango cha kati kwa zaidi ya mkengeuko sanifu mmoja ana uzito uliozidi. Akipita miwili, ana kiribatumbo. Kwa hiyo zipo daraja mbili, na kila moja inahitaji jina lake. Katika Kiswahili cha magazeti, hata hivyo, "unene wa kupindukia", "utipwatipwa", "kiribatumbo" na "uzito uliozidi" hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja.

Tatizo haliishii kwenye istilahi. Mgeni anayerudi nyumbani akaambiwa "umenenepa" hushukuru, kwani maana yake ni kwamba huko alikokuwa alikula akashiba. Ng'ombe hunona, mtu hunawiri. Yote ni sifa njema. Sangailu, ambako lugha ya nyumbani kwa wengi ni Kisomali, yapo maneno *buuran* na *cayil*, na Kiswahili hukutwa zaidi shuleni na ofisini. Mzazi aliyeshuhudia mifugo ikianguka mmoja mmoja, akiambiwa kwamba uzito wa mwanawe umezidi, anaweza kuipokea habari hiyo kama heri. Na takwimu zinampa haki. Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na ni asilimia 3 tu waliokuwa na uzito uliozidi. Katika utafiti kama huo wa mwaka 2014, takriban asilimia 13 ya watoto wa Kaskazini Mashariki walikuwa wamekonda kuliko inavyostahili kwa urefu wao, hali kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 4.

Hata hapo ipo tahadhari. Mwaka 2009 kulichapishwa utafiti uliolinganisha watoto wa wafugaji na wa wakulima nchini Ethiopia, wakiwemo Wasomali. Ulionyesha kwamba watoto wa wafugaji wana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, na kwa sababu hiyo kipimo cha uzito kwa urefu huwahesabu wengi kuwa wamekonda kuliko hali yao halisi. Yaani hata namba, ambazo hudhaniwa hazina lahaja, huja na umbo la mwili fulani akilini.

Nchini Kenya, kazi inayotajwa sana ni tawi la utafiti wa kimataifa wa ISCOLE lililoongozwa na Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Watoto 563 wa Nairobi wenye umri wa miaka 9 hadi 11 walipimwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Takriban asilimia 21 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Waliotimiza dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, kama Shirika la Afya Duniani linavyopendekeza, walikuwa asilimia 12.6 tu. Mwaka 2012 utafiti mwingine ulikuwa umelinganisha vijana Wakalenjin wa mashambani na wa mjini: wasichana wa mashambani walitumia wastani wa dakika 62 kwa siku katika shughuli za kutoa jasho, wenzao wa mjini dakika 37. Katika tafiti hizo mbili mwendo ulipimwa kwa kifaa kinachovaliwa mwilini, ambacho hunakili mtikisiko bila kuuliza kama mvaaji anacheza, anachunga au anakimbia mvua.

Vifaa hivyo ni ghali, na tafiti nyingi hutumia hojaji. Hapo ndipo lugha inaposhika usukani. Hojaji moja iliyoenea sana, iliyotungwa Kanada, humpa mtoto orodha ya shughuli ili aseme alizifanya mara ngapi katika siku saba zilizopita. Orodha hiyo ina kandanda na voliboli, lakini pia ina kuteleza juu ya barafu na magongo ya barafuni. Hayo ya barafu huweza kufutwa, na watafiti hufanya hivyo. Gumu zaidi ni kipengele kinachoonekana hakina madhara: kutembea kwa ajili ya mazoezi. Chukulia msichana wa miaka 11 anayeondoka alfajiri akimswaga punda aliyebebeshwa mitungi ya maji ya lita 20, akarudi jua likiwa limepanda. Je, alitembea kwa ajili ya mazoezi? Akijibu kwa uaminifu atasema hakutembea. Hojaji itamwandika mtoto asiyejishughulisha, sawa na yule wa mjini aliyeshinda mbele ya televisheni.

Neno "mchezo" lenyewe ni mtego. Katika Kiswahili hubeba burudani ya mtoto, mashindano ya uwanjani, tamthilia, hila, na jambo lisilo na uzito. Anayesema "si mchezo" anataja ugumu. Kitenzi "kucheza" huingia pia ngomani, kama *ciyaar* ya Kisomali inavyobeba mchezo na dansi pamoja. Msichana anayekaribia utu uzima akiulizwa na mgeni, mbele ya mamake, "unacheza?", kukana ndiyo adabu. Jibu hilo likifika kwenye jedwali huwa ni ukosefu wa mazoezi.

Pana pia swali la nani anaulizwa. Takwimu iliyoenea ulimwenguni, kwamba mwaka 2016 asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawakushughulisha mwili vya kutosha, ilitokana na wanafunzi waliofikiwa shuleni. Kaskazini Mashariki ni miongoni mwa maeneo ya Kenya yenye watoto wengi walio nje ya shule, na mvulana aliye malishoni na ng'ombe hayumo katika hesabu hiyo, ingawa pengine ndiye aliyetembea kuliko wote.

Isidhaniwe, basi, kwamba mtoto wa Sangailu hahitaji uwanja. Kazi si mchezo, na uchovu wa kisimani haumpi mtoto stadi, wenzi wala furaha ambayo mpira humpa. Wasichana hukosa zaidi, na tangu operesheni ya usalama ilipoanzishwa katika Msitu wa Boni mwaka 2015, kwenda mbali na nyumbani kumekuwa na hofu yake. Tena maisha yanabadilika. Kati ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, mifugo ikafa, na familia za wafugaji zilizopoteza mifugo huishia pembezoni mwa vituo vya biashara. Huko mwendo hupungua, maziwa huadimika, na mlo huwa mchele, tambi, mafuta na chai yenye sukari nyingi. Tafiti zilizofanywa Oslo zimekuta unene kwa kiwango kikubwa miongoni mwa wanawake Wasomali waliohamia huko; wembamba, kumbe, haukuwa wa damu. Mabadiliko ya aina hiyo yakianza Sangailu, hojaji isiyowahi kuuona mwendo wa zamani haitakuwa na namna ya kuonyesha kwamba umepungua.

Mfasiri wa hojaji kama hiyo hana budi kuacha orodha ya michezo na kuanza na siku ya mtoto: jana, tangu alfajiri hadi isha, ulikwenda wapi kwa miguu? Ulibeba nini? Ni wakati gani ulikimbia hata ukahema? Dakika 60 nazo hazina maana kubwa kwa mtoto asiye na saa, ilhali muda ulio kati ya adhuhuri na alasiri anaujua vyema. Na kwa kuwa mchungaji hapatikani darasani, maswali hayo itabidi yaulizwe kisimani, kwa Kisomali kwanza, ng'ombe wakinywa.