Kuipa Maagizo Programu Inayojiendesha

Watahiniwa wengi wanajua kufungua programu kwa kubofya mara mbili, na wanaishia hapo. Swali likiuliza jinsi ya kuiongezea kumbukumbu au kuiambia ianze na kazi fulani, wanaandika "fungua mipangilio". Jibu hilo halitoshi, kwa sababu maagizo mengine lazima yatolewe kabla programu haijawaka.

Tuchukue programu ya kweli. JOSM hutumika kuchora na kusahihisha ramani ya OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Hapa Tanzania ilitumika katika mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi walichora mitaa inayokumbwa na mafuriko. JOSM huja kama faili moja, josm-tested.jar. Faili la jar ni furushi lililofungwa kwa mtindo wa zip. Ndani yake mna faili dogo liitwalo MANIFEST.MF, lenye mstari wa Main-Class unaotaja mahali pa kuanzia. Ndiyo maana furushi hujiendesha ukilibofya. Lakini faili hilo halina nafasi ya kuandika kiasi cha kumbukumbu unachotaka.

Sasa tuseme uko Chumbageni, kompyuta yako ina RAM ya GB 2, nawe unataka kuchora mitaa ya Tanga mjini. Kwa kawaida Java hujiwekea kikomo cha robo ya RAM, yaani kama MB 512. Ramani ikiwa kubwa, programu itakwama na kazi ambayo hujaihifadhi inaweza kupotea. Fungua dirisha la amri, ingia kwenye folda yenye faili hilo, kisha andika yote katika mstari mmoja:

java -Xmx1g -jar josm-tested.jar --download=-5.09,39.09,-5.06,39.12

Mstari huu una wasikilizaji wawili. Yaliyo kabla ya -jar husikilizwa na mashine ya Java. Yaliyo baada ya jina la faili hupelekwa kwa programu yenyewe. Ni kama daladala ya Raskazone: habari ya nauli humwambii dereva, yuko konda. Ukiandika -Xmx1g mwishoni, mashine ya Java haitaisikia. Programu ndiyo itakayolipokea neno hilo, na kumbukumbu itabaki ile ile.

Tazama pia namna ya kuandika. Usiache nafasi kati ya -Xmx na 1g, la sivyo Java itakataa kuwaka. Usisahau herufi ya kipimo: -Xmx1024 maana yake ni baiti 1024, kiasi kisichotosha chochote. Na 1g ni kikomo tu, haichukuliwi yote papo hapo. Hata hivyo usiandike 4g kwenye mashine ya GB 2. Kompyuta itaanza kutumia diski badala ya RAM na itakwenda kwa kujikokota.

Namba za --download ni latitudo ndogo, longitudo ndogo, latitudo kubwa, longitudo kubwa. Tanga iko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo latitudo ni hasi. Kumbuka mstari wa namba: -5.09 ni ndogo kuliko -5.06, hivyo ndiyo inayotangulia. (Hapa Jiografia na Hisabati zinakutana, na watungaji wa mitihani wanapenda sana mahali kama hapa.) Intaneti lazima iwepo, maana ramani inapakuliwa.

Hutaki kuandika mstari huo kila siku? Unakili kwenye faili la maandishi, uliite tanga.bat na uliweke katika folda hiyo hiyo. Kwenye Windows, ukibofya faili hilo mara mbili, maagizo yote yanakwenda. Njia nyingine ni kuweka -Xmx1g katika kigeu cha mazingira kiitwacho JAVA_TOOL_OPTIONS. Inafanya kazi, lakini itagusa kila programu ya Java kwenye kompyuta hiyo, jambo ambalo si busara katika maabara ya shule inayotumiwa na wengi.

Swali la mazoezi. Mwanafunzi wa Pangani ameandika:

java -jar josm-tested.jar -Xmx768m --download=5.41,38.96,5.44,38.99

Namba hizo ni za kusini mwa Ethiopia, na -Xmx768m haikufika kwa mashine ya Java. Sahihisha.

Jibu. -Xmx768m ihamishwe kabla ya -jar. Latitudo ziwekewe alama ya hasi, na zikishakuwa hasi zibadilishane nafasi:

java -Xmx768m -jar josm-tested.jar --download=-5.44,38.96,-5.41,38.99

Anayeweka alama za hasi bila kubadilisha nafasi amesahihisha nusu tu.