Kampuni ya maji ikiomba kupandisha bei, kikundi kiulize nini?

Wanavikundi wengi wanaijua ile karatasi inayobandikwa ukutani kwa chifu au kwenye mlango wa ofisi ya maji. Inasema kwamba kampuni imeomba ruhusa ya kuongeza malipo, na wananchi wanakaribishwa kutoa maoni. Wachache huisoma mpaka mwisho. Wengine wetu husikia tu sokoni kwamba maji yamepanda, tunaenda mkutanoni, mmoja anasimama anasema "Tunakataa!", watu wanapiga makofi, mkutano unafungwa kwa maombi. Baada ya miezi kadhaa bili mpya inaingia, na kila mtu anauliza ilipitishwa na nani.

Hatuandiki haya ili kuwaambia ndugu na dada zetu wakubali au wakatae. Tunachosema ni kwamba neno "tunakataa" peke yake halina uzito mbele ya watu waliokuja na hesabu. Basi na sisi twende na hesabu.

Kwanza tujue nani ana uwezo wa kupitisha bei. Kampuni ya maji haiwezi kuamka asubuhi na kuongeza bei kwa hiari yake. Tangu Sheria ya Maji ya 2002 kuna bodi ya kitaifa ya kudhibiti huduma za maji, inayojulikana kwa jina WASREB, na Sheria ya Maji ya 2016 imeiacha na kazi hiyo. Kampuni hupeleka ombi, bodi huchunguza gharama zake, wananchi husikizwa, kisha bei iliyokubaliwa huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Sheria hiyo ya 2016 inataka umma utangaziwe na upewe nafasi ya kuandika maoni, na muda wa kuyapokea usipungue siku 30. Kwa hivyo mkisikia leo kwamba mkutano ni kesho, ulizeni tangazo lilitolewa lini na wapi.

Kuna mtu atasimama aseme Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na ya kutosha. Ni kweli kabisa. Lakini Katiba haikusema maji hayo yatafika bila gharama. Mvua ni ya bure. Bomba, dawa ya kusafisha, stima ya pampu na mshahara wa fundi si vya bure. Tazama watu wa Mombasa. Maji ya chemchemi za Mzima yanateremka yenyewe kutoka juu mpaka pwani kwa bomba lililokamilika mwaka wa 1957, hayahitaji pampu ya kuyasukuma njiani. Maji ya visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki, lazima yavutwe kwa stima. Maji ni yaleyale mdomoni, lakini gharama ni mbalimbali. Kampuni isiyopata pesa za stima hukatiwa, na hapo akina mama hurudi kwa mwenye punda ama mkokoteni, ambaye bei yake haichunguzwi na bodi yoyote. Kukataa nyongeza halafu kununua mtungi kwa bei mara kumi si ushindi.

Sasa tufike kwenye swali ambalo sisi tunaliona ndilo kubwa, na ambalo mara nyingi haliulizwi: maji yanapotelea wapi? Kuna maji yanayotoka kwenye mtambo lakini hayalipiwi na mtu. Mengine yanavuja chini ya barabara, mengine yanaibwa kwa bomba la kando usiku, mengine yanapita kwenye mita mbovu. Ripoti za WASREB zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba, ukichukua kampuni zote za Kenya pamoja, zaidi ya asilimia 40 ya maji hupotea hivyo. Kiwango kinachokubalika ni asilimia 20 hadi 25. Na inawezekana: kampuni ya Nyeri imekuwa chini ya asilimia 20.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kampuni inasafisha yuniti 100, na kila moja inagharimu shilingi 50. Jumla ni shilingi 5,000. Kama yuniti 80 zinalipiwa, kila yuniti lazima ilete shilingi 62 na senti 50 ili gharama irudi. Lakini kama zinazolipiwa ni 55 tu, kila moja lazima ilete karibu shilingi 91. Ile tofauti ya zaidi ya shilingi 28 si gharama ya maji tunayokunywa. Ni gharama ya maji yanayomwagika na kuibwa, na inabebwa na yule anayelipa kwa uaminifu. Kwa hivyo kabla ya kuzungumza juu ya nyongeza, kikundi kiulize: mwaka jana mlipoteza asilimia ngapi? Mwaka juzi je? Pesa hizi mpya zitaipunguza mpaka wapi, na kwa mwaka gani? Kampuni ikijibu kwa nambari, tuiandike. Ikijibu kwa hotuba, pia tuandike.

Jambo lingine ni ngazi za bei. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Kwa kawaida yuniti za kwanza huwa na bei nafuu ili mtu maskini apate maji ya kupika na kuoga, halafu bei hupanda kadiri mtu anavyotumia zaidi. Watu husikiliza bei tu, hawaulizi ngazi ya kwanza inaishia wapi. Huko Nairobi, kabla ya mabadiliko ya 2015, ngazi ya kwanza ilifika yuniti 10, na nyumba iliyotumia yuniti hizo 10 ililipa shilingi 187 hivi. Bei mpya ikasema yuniti 6 za kwanza ni shilingi 204. Ukisikia haraka, unaona ni nyongeza ya shilingi 17. Lakini yuniti ya saba na kuendelea ikawa shilingi 53 kila moja. Nyumba ileile yenye yuniti 10 ikafika shilingi 416. Nyumba yenye watoto sita na bibi mgonjwa haiwezi kubaki kwenye yuniti 6, hata mama awe mwangalifu namna gani. Na pale ambapo nyumba kadhaa zinatumia mita moja, zote huhesabiwa kama mteja mmoja tajiri! Hilo lisemwe wazi mkutanoni.

Pia kodi ya mita na malipo ya maji taka yaulizwe. Yasifichwe nyuma.

Kwa vikundi vyenye kioski tuna neno la pekee, na pengine halitawapendeza wote. Bei ya kioski hupangwa kando, na huwa ya chini. Mwaka huohuo wa 2015 Nairobi ilikuwa shilingi 20 kwa yuniti, ambayo ni senti 40 kwa mtungi. Tuseme kampuni yenu iko hapo na inataka kufika shilingi 30. Hiyo ni nyongeza ya nusu, na inatisha. Lakini kwa mtungi ni senti 20 tu. Kioski kikiongeza shilingi nzima na kusema ni kosa la kampuni, zile senti 80 zimeenda kwa nani? Tunajua kuna mshahara wa muuzaji, na maji yanayomwagika wakati wa kuteka. Basi mweka hazina asome mita asubuhi na jioni kwa wiki mbili, ahesabu mitungi iliyouzwa, kikundi kione yuniti moja inatoa mitungi mingapi kweli. Kama ni 40 badala ya 50, rekebisheni mfereji kabla ya kugusa bei ya jirani.

Mkishapata hesabu, andikeni barua ya ukurasa mmoja. Semeni nyinyi ni nani, wanachama ni wangapi, wanatumia yuniti ngapi kwa mwezi, na nyongeza itawagharimu shilingi ngapi. Kisha masharti: labda mnakubali nusu mwaka huu, na nusu baada ya uvujaji kupungua, labda mnaomba ngazi ya kwanza isiguswe, ama kioski kiongezwe upande wa kijiji usio na bomba. Viongozi watatu watie sahihi. Mpeleke moja kwa kampuni, moja kwa WASREB, na moja kwa afisa wa maji wa kaunti. Nakala yenu igongwe muhuri wa tarehe siku hiyohiyo, iwekwe kwenye faili pamoja na bili za mwaka mzima.