Ziwa moja, sheria tatu: Mtoto mwenye jinsia tata ana haki gani?

Kisumu, Entebbe na Mwanza zote ziko kwenye Ziwa Victoria. Lakini mtoto akizaliwa na maumbile yasiyoonyesha wazi kama ni wa kiume au wa kike, haki zake zinategemea amezaliwa upande gani wa ziwa.

Kenya imeshamtaja mtoto huyu kwenye sheria. Uganda imemtaja nusunusu. Tanzania bado.

Jinsia tata ni nini hasa?

Ni hali ya kuzaliwa na viungo vya uzazi, homoni au kromosomu zisizolingana na zile zinazozoeleka za kiume au za kike. Kiswahili kina neno la zamani, huntha. Mtaani wengi husema "ana jinsia mbili", japo si kwamba mtu anakuwa na viungo viwili vilivyokamilika.

Wengine hugundulika siku ya kuzaliwa. Wengine ni mpaka balehe, kwa mfano msichana anapokaa miaka mingi bila kuvunja ungo.

Si laana, wala hakuna aliyerogwa. Pia ni suala la mwili, halihusu mtu anampenda nani. Kuchanganya mambo hayo mawili ni sababu moja ya wazazi kumficha mtoto.

Wako wangapi?

Umoja wa Mataifa unakadiria kati ya asilimia 0.05 na 1.7 ya watu wote. Kiwango cha juu kinabishaniwa sana na wataalamu. Lakini hata ukichukua kile cha chini, mkoa wa Mwanza wenye watu 3,699,872 kwa sensa ya 2022 ungekuwa nao kama 1,850.

Kwenye sensa hiyo hawaonekani. Tanzania ilihesabu wanaume 30,053,130 na wanawake 31,687,990. Jumlisha, unapata 61,741,120, ambao ndio watu wote nchini. Hakuna kundi la tatu.

Kenya ilifikaje ilipo?

Ilianzia mahakamani. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ilimpa fidia ya shilingi 500,000 za Kenya mfungwa mwenye jinsia tata kwa udhalilishaji aliofanyiwa gerezani. Hata hivyo, ilikataa kutambua jinsia ya tatu.

Kisha ikaja kesi ya mama mmoja ambaye mtoto wake, aliyezaliwa 2009, aliandikiwa alama ya kuuliza kwenye nafasi ya jinsi. Bila jinsi, cheti cha kuzaliwa hakikutoka. Desemba 2014 mahakama iliagiza hatua zichukuliwe ili mtoto huyo, aliyeitwa "Baby A" kwenye hukumu, asajiliwe. Pia ilitaka serikali itaje chombo cha kukusanya takwimu za watu kama yeye.

Mwaka 2017 kikaundwa kikosi kazi cha serikali. Sensa ya 2019 ikahesabu watu 1,524 wenye jinsia tata, hesabu ya kwanza ya aina hiyo Afrika. Wengi wanaamini idadi halisi ni kubwa zaidi, kwa sababu ya aibu na uoga.

Sheria ya Watoto ya 2022 ndiyo iliyofunga kazi. Inampa mtoto huyu haki ya heshima, matibabu yanayofaa na elimu. Inakataza pia kumbadilisha au kumtoa viungo bila maoni ya daktari bingwa wa jenetiki.

Na Uganda?

Sheria ya Usajili wa Watu ya 2015 inaruhusu kurekebisha jinsi ya mtoto aliyezaliwa hivi, lakini baada ya upasuaji na cheti cha daktari. Shida iko hapo: karatasi inakuja baada ya kisu. Mzazi anayetaka cheti kirekebishwe anasukumwa kwenye upasuaji ambao pengine mtoto haukumlazimu.

Kwa nini upasuaji unapingwa?

Haupingwi wote. Mtoto akishindwa kukojoa, lazima asaidiwe. Kinachopingwa ni upasuaji wa kurekebisha muonekano tu, anaofanyiwa mtoto kabla hajaweza kusema lolote. Unaweza kumwachia maumivu ya kudumu au ugumba, na akikua akajiona si wa jinsi aliyochaguliwa, hakuna kurudi nyuma.

Machi 2023 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilizitaka nchi wanachama kukomesha vitendo hivyo. Aprili 2024 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio lake la kwanza kuhusu watu hawa: kura 24 za ndiyo, hakuna ya hapana, 23 hazikuegemea upande wowote.

Tanzania ina nini?

Haianzii sifuri. Ibara ya 12 ya Katiba inasema binadamu wote huzaliwa huru na wako sawa. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinakataza kumbagua mtoto kwa jinsia, afya, kuzaliwa au "hali nyingine". Wakili anaweza kuingilia hapo.

Lakini fomu bado inauliza Me au Ke. Jibu hilo humfuata mtoto shuleni, bwenini, mpaka kwenye kitambulisho cha NIDA.

Mzazi afanye nini sasa?

Kwanza, ampeleke mtoto hospitali haraka. Baadhi ya watoto hawa wana hitilafu kwenye tezi zilizo juu ya figo, mwili unapoteza chumvi, na mtoto anaweza kufa ndani ya wiki chache asipopata dawa. Kwa Kanda ya Ziwa, hospitali ya rufaa ni Bugando, Mwanza.

Pili, akishauriwa upasuaji aulize: ni wa kuokoa maisha au wa muonekano? Kama ni wa muonekano, unaweza kusubiri?

Tatu, mtoto akifichwa, akitengwa au akinyanyaswa, aende kwa afisa ustawi wa jamii au apige 116, namba ya bure ya Huduma ya Simu kwa Mtoto.