Kuwasha taa za gari mchana: Faida na hasara kwa wasafiri wa Kitui na Makueni

MSAFIRI atokaye Nairobi kuelekea Mombasa hufika katika mji wa Salama, Kaunti ya Makueni, na jina hilo huwafanya wengi watabasamu kwa uchungu, kwa kuwa sehemu hiyo imejulikana miaka mingi kwa ajali mbaya. Kutoka hapo hadi Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, magari yaendayo na yarudiayo hupishana kwa karibu, na malori yanayobeba makasha kutoka bandarini hufuatana kama siafu. Dereva aliyechoka kufuata trela hulazimika kuingia upande wa wanaokuja ili alipite.

Hapo ndipo suala la taa za mchana linapopata uzito. Tuseme gari linakwenda kilomita 100 kwa saa na basi linalokuja linakwenda kilomita 80. Magari hayo yanakaribiana kwa mita 50 kila sekunde. Ikiwa kulipita trela refu kutachukua sekunde 10, dereva anahitaji mita 500 za barabara iliyo wazi, na ziada ya kumwokoa iwapo amekosea hesabu. Saa saba mchana, lami ikiwa imechemka na mazigazi yakicheza juu yake mithili ya maji, gari la rangi ya kijivu au ya udongo laweza kutambuliwa likiwa tayari limefika karibu. Taa mbili zilizowashwa huonekana mapema zaidi. Pia humjulisha dereva kwamba kile anachokiona mbele kinakuja, hakiendi.

Jua nalo lina hila zake. Barabara hiyo inaelekea kusini-mashariki, hivyo waendao Pwani asubuhi hupigwa na jua usoni, nao warudio Nairobi jioni hupatwa na masaibu yayo hayo. Gari lililopewa mgongo na jua hugeuka kivuli cheusi, na pengine taa zake ndizo pekee zitakazolitambulisha.

Katika Kaunti ya Kitui tatizo huwa ni vumbi. Barabara ya Kibwezi–Mutomo–Kitui imetiwa lami, lakini ukiiacha na kuingia vijijini Kitui Mashariki au Kitui Kusini, wakati wa kiangazi lori moja huacha nyuma yake wingu jekundu ambalo dereva wa pili hawezi kupenya kwa macho. Katika hali hiyo, mwandishi huyu haoni sababu yoyote ya kutowasha taa, hata kama ni adhuhuri. Ndivyo ilivyo pia katika vilima vya Mbooni na Kilungu, ambako ukungu wa miezi ya baridi huchelewa kuondoka.

Wazo lenyewe lilianzia nchi za kaskazini ya mbali. Finland ililazimisha taa za mchana kwa hatua kuanzia mwaka wa 1972, Sweden ikafuata mwaka wa 1977, nayo Canada ikaamuru magari mapya yawe nazo kuanzia Desemba 1989. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo kama hilo kwa aina mpya za magari madogo mwaka wa 2011. Si wote walioridhika. Austria iliwalazimisha madereva kuwasha taa mchana mwaka wa 2005, kisha ikaifuta sheria hiyo mwanzoni mwa 2008. Mwaka huo huo, utafiti wa idara ya usalama barabarani ya Marekani haukupata ushahidi thabiti kwamba taa hizo zilipunguza ajali kwa jumla.

Aidha, huko kaskazini jua hukaa chini na magharibi huchukua muda mrefu. Ukambani jua huwa utosini, na giza huingia kwa haraka. Faida iliyopatikana Sweden haiwezi kuhamishwa hapa nzima nzima.

Gharama pia ipo, ingawa ni ndogo. Balbu mbili za kawaida za mbele hutumia takriban wati 110, umeme unaotokana na mafuta, na balbu huungua mapema. Taa maalumu za kisasa hutumia wati chache tu. Lakini hizo nazo zina mtego: katika magari mengi huwaka mbele pekee. Jioni inapoingia, dereva huona mwanga mbele yake akadhani amewasha taa zote, kumbe nyuma ni giza tupu, na trela linamfuata.

Wenye pikipiki wana lalama yao. Wahudumu wa bodaboda huwasha taa mchana ili waonekane miongoni mwa magari. Kila gari likiwasha, alama yao inapotea. Isitoshe, kuna wanaofunga taa kali za kuongezea ambazo humpofusha anayekuja badala ya kumjulisha.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haimlazimishi mwenye gari nchini Kenya kuwasha taa mchana. Anayewasha humulikiwa na wenzake wakidhani amesahau, isipokuwa akiwa katika msafara wa mazishi wenye utepe mwekundu, ambao taa zake kila mtu anazielewa. Magari mengi yetu hununuliwa Japani yakiwa yametumika, na nchi hiyo ilirekebisha kanuni zake kuhusu taa hizi mwaka wa 2016 tu. Kwa hivyo, kwa muda mrefu barabarani kutakuwa na mchanganyiko wa magari yenye taa hizo na yasiyo nazo.

Mchanganyiko huo ndio unaomtia wasiwasi mwandishi huyu. Dereva akizoea kutafuta taa, atawaona vipi wasio nazo? Mwaka wa 2024 zaidi ya watu 4,700 walifariki katika barabara za Kenya, na waendao kwa miguu ndio waliokuwa wengi zaidi. Mtoto anayevuka Emali ataliona basi lenye taa mapema, na hilo ni jambo jema. Lakini punda watatu waliobeba mitungi ya maji, wakivuka lami na mwenyewe akiwa nyuma yao, hawana taa wala king'ora, na dereva hana budi kuwatafuta kwa macho.