Daraja la Mawe la Regensburg: Urithi wa Karibu Karne Tisa Juu ya Mto Danube

Daraja la Mawe lililopo katika mji wa Regensburg, kusini mashariki mwa Ujerumani, limeunganisha kingo mbili za Mto Danube kwa karibu karne tisa. Ujenzi wake ulianza mwaka 1135 na kukamilika mwaka 1146.

Daraja hilo, lenye urefu wa zaidi ya mita 300, lilijengwa kwa matao 16, ambapo 15 kati ya hayo yanaonekana hadi sasa. Nguzo zake zimezungukwa na visiwa vidogo vilivyotengenezwa kwa magogo na mawe ili kuzuia maji yasichimbe misingi.

Katika uhai wake, daraja limekabiliwa na majanga kadhaa. Mwaka 1784 mafuriko yaliyobeba barafu yaliharibu mnara wake wa kati, na leo umebaki mnara mmoja tu kati ya mitatu. Aprili 1945, wanajeshi wa Ujerumani walilipua sehemu za daraja ili kuwachelewesha wanajeshi wa Marekani. Sehemu hizo zilijengwa upya baada ya vita.

Hata hivyo, uharibifu mwingine ulitokana na matumizi ya kila siku. Mbali na uzito wa magari, chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu wakati wa baridi ilipenya ndani ya mawe pamoja na maji. Maji hayo yanapokauka, chumvi huganda katika vitundu vya jiwe, hutanuka na kulimega kidogo kidogo.

Kutokana na hali hiyo, ulinzi wa daraja ulihitaji wakazi kubadili mazoea. Mwaka 1997, baada ya wananchi kupiga kura, magari binafsi yalizuiwa kupita. Mwaka 2008 zuio hilo lilihusisha pia mabasi na teksi, ambayo yalilazimika kutumia njia nyingine kuvuka mto.

Ukarabati mkubwa ulifanyika kuanzia mwaka 2010 hadi 2018, ukihusisha kubadilisha mawe yaliyoharibika na kuweka tabaka jipya la kuzuia maji. Daraja hilo ni sehemu ya Mji Mkongwe wa Regensburg pamoja na Stadtamhof, eneo lililoingizwa na UNESCO katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Kwa sasa, daraja linatumiwa na waenda kwa miguu na waendesha baiskeli.